Vidonge vya Awiti

Kazi ya Zadock Oyoo ilikuwa kushuku watu, na kila mwisho wa mwezi alilipwa kwa kuifanya vizuri. Katika supamaketi moja kubwa katikati ya jiji la Nairobi, hakuvaa sare wala hakusimama mlangoni na rungu kama masoja wenzake. Alivaa jaketi lake la kawaida, akabeba kikapu chenye mkate na kipande cha sabuni, akazunguka kati ya rafu kutwa nzima kama mteja aliyesahau alichotumwa. Nyuso za watu hakuwa na haja nazo. Uso, alipenda kuwaambia walinzi wapya, unaweza kufundishwa kudanganya, mkono haufundishiki.

Kabla ya hapo alikuwa mpagazi katika ghala moja upande wa chini wa mji, na huko ndiko imani yake kwa watu ilikoharibikia. Bidhaa zilizopitwa na tarehe zilipelekwa chumba cha nyuma, ambako vijana walikaa na pamba na dawa ya kutoa rangi ya kucha, wakifuta tarehe ya zamani na kugonga mpya. Zadock alivumilia biskuti, akavumilia majani chai, lakini siku alipobebeshwa makopo ya maziwa ya watoto wachanga aliyatua chini, akaondoka asirudi tena. Aliyeumwa na nyoka, ung'ongo humshtua. Tangu hapo hakununua hata chumvi kabla ya kuigeuza na kuisoma tarehe. Maziwa aliyanusa kabla hayajachemshwa, na baada ya kuchemshwa akayanusa tena. Mkewe, Joyline, alikuwa akimcheka: "Baba Ryan, siku moja utanipekua hata mimi nikitoka bafuni."

Walikaa Riruta, katika ploti ya nyumba za kupanga, pamoja na watoto wao wawili: Ryan, aliyekuwa anasoma, na mdogo wake Awiti, ambaye alijifunza kukimbia kabla hajajua kusimama vizuri.

Mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa na baridi bado haijauacha mji, Joyline alipigiwa simu kwamba nyanya yake amefariki kijijini kwao Ugenya. Akafunga safari na Ryan. Awiti alikuwa na mafua. Safari ndefu ya basi na baridi ya matangani havingemfaa, wakakubaliana abaki na baba yake.

"Mchana atakaa kwa Shosh Wanjugu, jioni utakuwa naye wewe," Joyline alisema akifunga begi. "Na usimsumbue huyo mama wa watu na maswali yako."

Shosh Wanjugu, yaani Bibi Wanjugu, alikuwa mjane, mzaliwa wa Dagoretti hiyohiyo iliyo na Riruta, ambaye alilea watoto wa wapangaji katika chumba cha mwisho cha ploti. Zadock hakuwa na neno baya juu yake. Ila aliona ajabu kwamba chumba chenye watoto wengi hivyo kilikuwa kimya kila alasiri.

Mafua yakageuka kikohozi. Asubuhi moja, Zadock akimvalisha mtoto, aliona jambo lililomfanya aache kifungo katikati ya tundu. Awiti alikuwa akihema mbiombio kama kuku aliyefukuzwa uani, na kila alipovuta pumzi, nyama ya chini ya mbavu ilibonyea ndani. Zadock aliujua mbonyeo huo. Ryan aliwahi kuupata alipokuwa na umri kama wa Awiti. Walimlaza hospitali kubwa, wakambandika sindano mkononi kwa plasta, wakamchoma dawa asubuhi na jioni, na Zadock akawa analala sakafuni chini ya kitanda chake mpaka alipopona. Kwa hiyo hakungoja. Alimpigia simu msimamizi wake, akamfunga Awiti mgongoni kwa leso ya mama yake, akashika njia ya kituo cha afya cha serikali.

Aliyempokea alikuwa mwanamke kijana aitwaye Kaindi. Kwa cheo alikuwa afisa wa kliniki, lakini foleni nzima ilimwita daktari. Naye mwenyewe alikuwa na mafua. Alimwambia Zadock ampakate mtoto asilie, ainue nguo. Kisha akatulia, jicho moja kwa saa ya mkononi na jingine kwa tumbo la Awiti, akihesabu pumzi kimoyomoyo. Akambana kidole gumba cha mguu kwa kidude chenye taa nyekundu, akasoma namba. Mwishowe akampa maji kwa kikombe. Awiti aliyanywa yote, akakohoa, akataka mengine.

"Ni nimonia, baba," Kaindi alisema. "Lakini hii tutaitibu akiwa nyumbani."

Zadock alidhani hakusikia. "Nyumbani? Si unaona vile mbavu zinaingia ndani?"

"Naona. Lakini oksijeni yake iko sawa, anakunywa, hatapiki, hana degedege, na anatuangalia vizuri. Nitakupa vidonge."

"Na sindano?"

"Hahitaji."

"Daktari, kaka yake alikuwa na hii hii. Alilazwa."

"Wakati huo tulikuwa tunawalaza. Siku hizi imeonekana kwamba mtoto kama huyu akimeza dawa yake sawasawa anapona vilevile, na tena hapati magonjwa mengine ya wodi." Alisema hayo haraka, kama mtu aliyeyasema mara nyingi tangu asubuhi, huku akitumbukiza kidonge kwenye kijiko cha maji. Kidonge kikatoa povu kidogo, kikayeyuka. Awiti alikunja uso, akameza, halafu akalamba midomo. Kilikuwa na utamu wa matunda.

Kaindi akampa pakiti. Asubuhi na jioni, kwa siku tano, hata mtoto akichangamka asiache. Akikataa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilala usingizi wa kutoamshika, asingoje kesho, amlete mara moja. Na hata mambo yakiwa mazuri, amrudishe keshokutwa aangaliwe.

Zadock alikuwa akisikiliza kwa sikio moja. Macho yake yalikuwa kwenye mikono ya daktari. Aliiona ikirudisha pakiti nyingine ndani ya droo, ikaisukuma droo, ikaifunga kwa ufunguo, na ufunguo ukaingia mfukoni. Dawa ya bure ya watoto, na droo yake ina kufuli? Alitoka na swali hilo, akasimama kwenye dirisha la dawa.

"Mama, sindano za watoto za nimonia ziko?" akamuuliza mhudumu, kama anayepitisha wakati.

"Zimeisha. Tunangojea zingine."

Basi, Zadock alijiambia, kumbe ndiyo hiyo. *Hahitaji* maana yake ni *hatuna*.

Kama angeenda moja kwa moja nyumbani, huenda mambo yangekuwa mengine. Lakini ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la dawa, na miguu yake ikavuka yenyewe. Kwenye rafu, nyuma ya kioo, aliziona: pakiti za rangi ileile, zenye mstari uleule wa kijani.

"Unataka?" kijana wa duka aliuliza. "Hiyo ndiyo hiyo hiyo ya hospitali."

Kijana alisema ili kuisifu bidhaa yake. Zadock aliyapokea kama maneno ya mtu aliyekiri wizi. Alisimama pale kwa muda, Awiti akihema begani mwake, naye akimtazama kila aliyetoka kwenye lango la kituo kuona kama atavuka barabara na mfuko. Hakuvuka mtu. Jambo hilo nalo alilishuku.

Jioni alimyeyushia mtoto kidonge. Awiti alikimeza, akashikwa na kikohozi, akatapika dawa pamoja na uji. Zadock alipangusa sakafu, kisha akaiketisha pakiti chini ya balbu na kuigeuza. Tarehe ya kuharibika ilikuwa bado mbali. Mbali mno, alivyoona yeye. Na tarakimu ya mwisho ilikuwa na ukungu. Alilowesha kidole gumba kwa mate, akasugua. Wino ukatoka kidogo, ukamchafua kidole.

Alikaa akikitazama kile kidole, na mara akawa amerudi kwenye chumba cha nyuma cha ghala, pamba na ile harufu kali inayochoma pua. Aliitia pakiti mfuko wa ndani wa jaketi, akavuta zipu. Hakumyeyushia mtoto kidonge kingine.

Simu ililia. Ilikuwa Joyline, nyuma yake sauti za waombolezaji wakiimba.

"Wamesema nini hospitali?"

"Nimonia kidogo. Wametupa dawa."

"Anameza?"

"Anaendelea," Zadock alisema.

Joyline alisogea mbali na nyimbo. "Mbona sauti yako iko hivyo?"

"Ni baridi tu, Mama Ryan. Lala."

Siku ya pili msimamizi wake hakumpa ruhusa tena. Zadock alimwacha Awiti kwa Shosh Wanjugu, akaenda mjini. Alizunguka na kikapu chake, lakini siku hiyo hata mtu angebeba friji kichwani asingemwona. Mwenzake Shem, aliyekaa kwenye chumba cha kamera, alimvuta kando.

"Niaje, mbona umekunja uso hivyo?"

Zadock alimweleza.

"Vidonge?" Shem alisema. "Nimonia ni sindano, ndugu yangu. Hivyo vidonge ni vya kukutoa kwa laini, upishe foleni. Kuna kliniki hapo Riruta, juu ya duka la vyombo. Mtoto wa dada yangu alidungwa huko, jioni akawa anacheza."

Hakuongeza kama huyo mtoto wa dada yake alikuwa na nimonia au homa tu, na Zadock, ambaye humuuliza kila mtu kila kitu, hilo hakuliuliza.

Alitoroka kazini mapema. Alipofika kwenye ploti alikuta chumba cha Shosh Wanjugu kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Watoto walikuwa wamelala mstari mmoja kwenye mkeka, na Awiti mwishoni, kifua kikipanda na kushuka mbio. Zadock alimwinua. Mtoto alifungua macho, akayafunga tena. Alipokohoa, harufu tamu ikampiga Zadock puani.

"Shosh, umempa nini huyu mtoto?"

"Uji. Amekunywa nusu."

"Baada ya uji?"

Shosh Wanjugu aliacha kukunja nguo. "Baba Awiti, unaniuliza nini?"

"Nauliza kwa nini wote wamelala. Nauliza hii harufu ni ya nini. Kuna watu wanawapa watoto dawa ya kikohozi ili walale, wapate kukaa vizuri."

Mwanamke yule alikuwa mnene, mpole, asiyependa makelele. Hakupandisha sauti. "Nimelea watoto wa hii ploti tangu mama mwenye nyumba alipokuwa msichana. Nilimpa asali na ndimu, kifua kifunguke. Sasa mchukue mtoto wako. Na kesho utafute mwingine asiyenuka."

Zadock alitupa jicho dirishani alipokuwa akitoka. Aliiona chupa ya plastiki ya kahawia, haina karatasi. Inaweza kuwa ya asali. Inaweza kuwa ya chochote.

Kliniki ya ghorofani aliyotajiwa na Shem ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mwanaume mwenye koti jeupe alimsikiliza sentensi mbili, akasema, "Hiyo ni sindano, tena tuanze leo." Hakumfunua mtoto nguo. Hakuhesabu pumzi. Kabla Awiti hajawekwa kitandani, mkono wa yule mwanaume ulikuwa tayari umetoa kichupa mfukoni, si kabatini. Kichupa kilikuwa nusu, na mpira wake umetobolewa tobolewa. Karatasi ilikuwa imebanduliwa, ikabaki gundi.

Zadock alimshika mkono hewani. "Hii ilifunguliwa lini?"

"Wewe ni daktari?"

"Nimekuuliza ilifunguliwa lini. Na inaitwaje?"

"Mzee, kama hutaki kutibiwa, toka upishe wagonjwa."

Nje hapakuwa na mgonjwa mwingine. Zadock alimbeba mtoto, akashuka ngazi kwa hasira, na kwa kitambo kidogo alijiona shujaa. Amemwokoa mwanawe. Halafu, alipofika chini, penye masufuria yaliyopangwa hadi barabarani, mawazo mengine yakamjia, akasimama katikati ya watu wanaopita. Vidonge hampi. Sindano amekataa. Sasa huyu mtoto anatibiwa na nini? Tangu jana asubuhi, kile kidonge alicholambishwa na daktari mbele ya macho yake ndicho pekee kilichokaa tumboni. Kati ya dawa alizozishuku zote, Awiti alikuwa amebaki na kikohozi chake.

Jioni ile aliitoa pakiti mfukoni, akaitazama, akairudisha. Aliitoa tena. Alipima: kama ni bandia, nitakuwa nimemlisha sumu. Akairudisha. Badala yake alimpa maji, kijiko baada ya kijiko, na mtoto akanywa. Kila alipomeza, Zadock alimshukuru Mungu, maana maneno ya daktari kuhusu kukataa kunywa yalikuwa yamemkaa rohoni, ingawa aliyeyasema hakumwamini.

Asubuhi ya siku ya kurudi alikuwa wa kwanza kwenye benchi la kituo.

Kaindi alimfunua Awiti nguo, akatulia na saa yake, akahesabu. Akahesabu tena. Akambana kidole, akasoma namba, akampa maji. Alipoinua kichwa, kipaji chake kilikuwa na makunyanzi.

"Hajapata nafuu. Umempa dawa?"

"Nimempa."

"Zote? Asubuhi na jioni?"

"Asubuhi na jioni," Zadock alisema. Uso wake haukucheza. Alikuwa amewatazama wezi wengi wakisema uongo; alijua jinsi ya kutulia.

Daktari alivuta karatasi. "Basi dawa imeshindwa. Sitamrudisha nyumbani na kitu kilichoshindwa. Nakuandikia umpeleke hospitali kubwa, alazwe. Watamchoma sindano, na kwa sababu hii haikufanya kazi, huenda wakaanza na dawa kali zaidi."

Hilo ndilo Zadock alilolitaka tangu siku ya kwanza. Kitanda, sindano, plasta mkononi. Sasa linaandikwa mbele yake na kalamu inakwenda kasi, lakini badala ya kutua, moyo ulianza kumpiga. Dawa imeshindwa, anaandika. Wakati dawa haijashindwa kitu. Haijajaribiwa.

Kaindi akasimamisha kalamu. "Hebu nione pakiti."

"Nimeiacha nyumbani," Zadock alisema, na wakati huohuo mkono wake ukapanda, ukagusa zipu ya mfuko wa ndani wa jaketi.

Aliuteremsha haraka. Lakini yule mwanamke alikuwa ameuona. Alimtazama Zadock jinsi Zadock anavyowatazama watu kati ya rafu za sabuni, bila hasira, akingoja. Pumzi za Awiti zilisikika fupifupi.

Zadock alifungua zipu, akaiweka pakiti mezani. Ilikuwa imejaa karibu yote.

"Niliogopa," alisema.

"Uliogopa nini?"

Akamwambia. Droo na ufunguo. Dirisha la dawa na sindano zilizoisha. Duka la ng'ambo na mstari wa kijani. Wino uliotoka kwa mate. Akamwambia hata habari za ghala na makopo ya maziwa, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu nje ya nyumba yake. Alipokwisha, alitarajia kufokewa mbele ya foleni nzima, maana mlango ulikuwa wazi.

Kaindi aliinuka, akaufunga mlango. Akafungua droo kwa ule ufunguo, akatoa pakiti nyingine, akalowesha kidole kwa mate kama mtoto wa shule, akasugua tarehe. Wino ukatoka, ukamchafua na yeye.

"Wino wao ni mbaya," alisema. "Sanduku lake hili hapa. Soma namba ya sanduku, soma ya pakiti yako." Zilikuwa sawa. Zadock alizisoma mara mbili, akaangalia na mihuri ya sanduku kama haijabanduliwa.

"Na kufuli?"

Kaindi alitupa jicho mlangoni. "Kufuli niliweka mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Zilikuwa zinapungua. Asubuhi sanduku limejaa, jioni limekuwa jepesi na watoto waliotibiwa ni wachache. Kuna mtu hapa ndani. Sijui ni nani, na wote nakunywa nao chai."

"Kwa hiyo nilikuwa na haki ya kushuku."

"Ya kushuku, na ya kuniuliza. Ungenirudia siku ileile na hiyo pakiti mkononi, ningekuonyesha sanduku. Lakini ulichukua mtoto mwenye nimonia ukamwacha bila dawa, halafu ukaja kunidanganya. Unajua ningefanya nini na uongo wako? Ningempeleka akachomwe dawa kali ambayo hakuihitaji, na watoto wanaoihitaji wako huko wanangoja vitanda."

Zadock aliangalia sakafu. "Na sindano? Zimeisha kweli, au hahitaji?"

"Yote mawili," Kaindi alisema. "Zimeisha. Na zingekuwepo, bado ningempa vidonge."

Hata hapo Zadock hakuwa na njia ya kujua kama ni kweli. Mtu husema anachosema. Lakini alikuwa ameiona mikono ya yule mwanamke ikisugua wino, na hiyo ilimtosha kwa siku hiyo.

Kaindi aliikunja ile barua ya hospitali kubwa, akaitia kwenye pipa la taka. Alisema mtoto bado ni wa kutibiwa nyumbani, kwa kuwa anakunywa na oksijeni yake haijashuka, ila bahati hiyo si ya kuchezewa tena. Walianza upya kana kwamba ni siku ya kwanza. Alimyeyushia kidonge mwenyewe, akamwambia Zadock ampe kwa mkono wake, kidogokidogo, mtoto akiwa ameketi wima. "Akitapika papo hapo, mpe kingine. Sikukwambia hilo, nalo ni kosa langu." Akawakalisha kwenye benchi la ukumbini hadi adhuhuri, akitoka kila alipopata nafasi kumfunua Awiti nguo na kutazama mbavu. Awiti hakutapika. Alilala, akaamka, akaomba maji, akamvuta sikio mtoto aliyeketi kando yao.

"Kesho mlete tena," Kaindi alisema. "Na hiyo pakiti uje nayo."

Zadock alimwomba msimamizi wake siku za mapumziko yake ya mwaka, akabaki nyumbani. Asubuhi na jioni aliyeyusha kidonge kijikoni. Kesho yake, Kaindi alipohesabu, pumzi za Awiti zilikuwa zimepungua mbio. Siku iliyofuata mbonyeo wa chini ya mbavu haukuonekana tena hata alipomulika tochi, naye alimulika mara nyingi, mpaka mtoto akakasirika na kuipiga tochi teke.

Alikwenda pia kwa Shosh Wanjugu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shosh, nilikukosea maneno."

"Ulinikosea," mama yule alikubali, akiendelea kumenya viazi. "Mtoto yuko aje?"

"Anapata nafuu."

"Mungu asifiwe. Jumatatu mlete. Nimemkosa."

Zadock alishukuru. Alipogeuka aliona kwamba ile chupa ya kahawia haipo tena dirishani. Huenda asali iliisha. Huenda iliondolewa. Hakuuliza, na mpaka leo hajui. Ila kila jioni akimchukua Awiti humbusu mdomoni na kuvuta pumzi, na si mapenzi tu yanayomfanya ambusu.

Joyline alirudi Jumamosi, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi, miguu imevimba kwa safari. Ryan aliingia mbio kutafuta chakula. Awiti alimrukia mama yake, akamvuta kitambaa. Joyline alimgeuza, akamkagua mbele na nyuma, akaridhika. Halafu akaiona pakiti ya dawa juu ya kabati la vyombo. Aliichukua, akasoma maelekezo yaliyoandikwa juu yake kwa kalamu.

"Baba Ryan, siku tano si zilikwisha? Hivi vilivyobaki ni vya nini?"

Zadock angeweza kumjibu kwamba daktari aliongeza. Lingepita. Alimtazama Joyline, ambaye alikuwa ametoka kuzika, akaketi kwenye kochi, akamweleza yote tangu droo hadi kliniki ya ghorofani.

Hasira ya Joyline haikuwa na kelele. Alisikiliza mpaka mwisho, akaiweka pakiti chini polepole.

"Nilikuuliza kwenye simu. Nilikuuliza anameza. Ukaniambia anaendelea."

"Nilisema hivyo."

"Anaendelea kufanya nini?"

 Ryan aliacha kutafuna, akawatazama kwa zamu.

"Nilikuwa nimesimama kando ya kaburi," Joyline alisema, "nikasema moyoni, afadhali mtoto yuko na baba anayechunguza kila kitu. Nilikuwa najipa moyo na hayo." Akaitazama tena pakiti. "Hicho cha leo jioni umempa?"

"Bado."

Akaleta kijiko na maji mwenyewe. Hakumwomba Zadock amsaidie, na Zadock hakujitolea. Alisimama kando, akitazama kidonge kikitoa povu. Awiti alifungua mdomo kabla hajaambiwa. Alimeza, akalamba kijiko mbele, akakigeuza akakilamba nyuma.

"Ingine," akasema.

"Hakuna ingine, mama. Ni kesho."

"Ingine!"

Alipoona pakiti inafungwa, alijitupa chini, akaachia kilio cha kutoka tumboni, kilio kirefu kisicho na pumziko wala kikohozi, kiasi kwamba jirani aligonga ukuta. Zadock alitaka kumwinua. Joyline alimzuia kwa mkono, akapiga magoti, akaweka sikio lake mgongoni mwa mtoto.

"Nini?" Zadock aliuliza.

"Nyamaza," Joyline alisema. "Nasikiliza kifua."